Naomba ushauri, hizi hesabu za kamba na puli zinanichanganya

Habari zenu wakubwa, mimi niko S6 (mwaka wa mwisho wa sekondari) huku Arua, Uganda, nachukua PCM (fizikia, kemia, hesabu), na UNEB, mtihani wa taifa, ndio hiyo inakuja. Ile hesabu ya meza nimeielewa baada ya kuteseka sana: kilo 3 mezani, imefungwa kamba inayopita kwenye puli (gurudumu la kamba), kilo 2 inaning'inia, kigezo cha msuguano (μ) 0.3, g (mvutano wa dunia) tunachukua 10. Mwanzo nilikuwa naandika tensheni (nguvu ya kamba) ni 20 moja kwa moja, kumbe kama mzigo unashuka kwa kasi inayoongezeka tensheni lazima iwe chini ya hapo, sasa napata mchapuko (kasi inavyoongezeka) 2.2 na tensheni 15.6 niutoni.

Shida ni mteremko. Kilo 5 kwenye mteremko wa digrii 30, ng'ambo ya puli kilo 2 inaning'inia, μ ni 0.2. Nikisema ile kilo 5 inashuka napata mchapuko hasi, nikigeuza nikasema inapanda, hasi tena! Yaani kitu kinavutwa chini kwa niutoni 25, kamba inavuta juu 20, msuguano mwisho wake kama 8.7. Ina maana hakiendi popote? Na kama kimetulia, msuguano niandike 8.7 au 5 tu? Mwenzangu wa bweni anabisha ni 8.7, mimi moyo unaniambia 5. Nisaidieni jamani, na mnajuaje uelekeo wa msuguano kabla hamjaanza kukokotoa?