Naomba ushauri: leveli ya 92 katika gemu la Path of Exile, niimarishe silaha au ulinzi kabla ya kumkabili bosi Shaper?

Mpiga_Upinde_Temeke: Heshima kwenu wakuu. Hucheza kila usiku nikitoka kazini, na sasa nimefika pale ambapo hadithi imekwisha, ramani ndizo zimebaki, yaani maeneo ya mapigano ya baada ya hadithi, na sijui nielekee wapi. Nina mhusika wa leveli ya 92 anayetumia upinde. Ramani za daraja la 14 anazimaliza vizuri, lakini za daraja la 16 zinamuua mara kwa mara, na kila kifo kinaninyang'anya asilimia 10 ya uzoefu unaotakiwa kufikia leveli inayofuata. Je, niongeze nguvu ya upinde ili mabosi wafe upesi, au nianze na ulinzi?

Binti_Upanga: Pole sana. Tutajie kwanza ukinzani wako, yaani asilimia ya madhara unayoyazuia, wa moto, baridi, umeme na chaos (aina ya nne ya madhara). Ukishamshinda bosi Kitava mwishoni mwa sura ya 10, kila ukinzani huwa umepunguzwa kwa jumla ya asilimia 60, na wengi huingia kwenye ramani kabla ya kufidia pengo hilo. Ukinzani wa 60 na kikomo cha 75 vinaonekana kukaribiana, kumbe mwenye 60 hupokea 40 katika kila pigo la 100, na mwenye 75 hupokea 25 tu.

Mzee_wa_Tandika: Mwanangu, kijana wangu naye alikuwa akiutafuta ubingwa wa gemu hili hadi saa tisa usiku, na asubuhi akawa anaachwa na mwendokasi. Leveli ya mwisho ni 100, na kuanzia 90 kila hatua ni ndefu kuliko iliyotangulia. Panga saa zako za kulala kabla ya kupanga silaha.

Mpiga_Upinde_Temeke: Shikamoo mzee, nimekusikia. Dada Binti, moto, baridi na umeme vyote viko 75. Chaos ni hasi 60. Ningependa kuongeza kwamba deraya na mkanda wenye uhai mwingi nimeshaviuza, nikapata Divine Orb, zile sarafu za gemu, za kununulia upinde mpya.

Fundi_Kariakoo: Kwa chaos ya hasi 60, pigo la 100 linakufikia likiwa 160, na deraya umeshaiuza. Swali ambalo hatujakuuliza ni hili: unacheza ligi ya kawaida au Hardcore?

Mpiga_Upinde_Temeke: Hardcore. Nilisita kusema kwa sababu nilijua mngenikataza. Hata hivyo, muuzaji wa upinde tumeshakubaliana bei, na bosi anayekufa mapema hapati nafasi ya kunipiga.

Mkazi_wa_Sinza: Wakuu, someni tena bandiko la kwanza. Anasema kila kifo kinamnyang'anya asilimia 10 ya uzoefu. Katika Hardcore, mhusika akifa mara moja tu huhamishiwa ligi ya kawaida na harudi tena. Huyo anayekufa mara kwa mara ni nani? Hadithi hii imetungwa.

Binti_Upanga: Nakubaliana naye. Nimekupigia hesabu kwa moyo mmoja, kwa hiyo tunakuomba maelezo.

Mpiga_Upinde_Temeke: Sijatunga. Wahusika ni wawili. Wa kwanza alikuwa Hardcore hadi usiku mmoja umeme ulipokatika katikati ya ramani. Kioo kikawa cheusi, feni ya dari ikazunguka polepole mpaka ikasimama, nami bado nimeshika kipanya. Mhusika hubaki amesimama pale pale hadi seva itambue kuwa umeondoka, na maadui hawakumsubiri. Huyo alihamia ligi ya kawaida, ndiye mwenye leveli ya 92 na ndiye anayepoteza uzoefu. Wa pili yuko Hardcore, leveli ya 86. Ukinzani niliotaja ni wake, na deraya niliyouza ilikuwa yake. Niliuliza kwa mgongo wa yule wa kwanza kwa sababu niliona aibu kukiri kwamba nimerudi kule kule.

Fundi_Kariakoo: Hapo sasa tunaelewana. Betri ya kompyuta haitakusaidia ikiwa ruta inazimika na umeme, kwa hiyo itafutie ruta betri yake kabla ya kununua chochote ndani ya gemu. Kisha rudisha deraya, na uvae pete mbili za Amethyst, ambazo kila moja huanza na ukinzani wa chaos wa 17 hadi 23. Zikiwa nzuri zote mbili, kutoka hasi 60 unafika hasi 14.

Mkazi_wa_Sinza: Niwie radhi kwa kukushuku, ndugu yangu. Mimi pia nimewahi kumpoteza mmoja kwa bando kuisha. Je, ramani uliyoiandaa ina sifa gani?

Mpiga_Upinde_Temeke: Ni ya daraja la 16, na inapunguza kikomo cha ukinzani. Nimeirudisha ghalani. Muuzaji nimemwomba anisubiri hadi Jumamosi; upinde ule bado nautaka, ila kesho nikitoka kazini nitapitia Kariakoo kuulizia betri ya ruta.