Tetesi za toleo jipya zimeniulia mchezo, nimechoka!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaki kuambiwa nipoe.

Jana tumekaa mezani watu watano kwenye mchezo wetu wa kuigiza, ule wa kila mtu na mhusika wake, dadu na kitabu cha kanuni. Ramani imetandazwa, zimwi linachungulia kutoka pangoni, mimi ndiye msimulizi, yaani mwendesha mchezo, nasema haya, tupeni dadu tujue nani anaanza. Jamaa mmoja anachukua simu yake na kuiweka juu ya ramani, juu ya zimwi langu kabisa. "Subiri kwanza, mkuu. Toleo jipya hii kanuni wanaiondoa."

Nikaitazama hiyo simu. Picha ya nusu ukurasa, imekatwa juu na chini, haina tarehe wala namba ya ukurasa. Kwa picha hiyo tumebishana saa nzima! Mwingine akataka abadilishe mhusika palepale, eti fani yake, yaani aina ya mhusika aliyemchagua, itapunguzwa makali. Mhusika wa ngazi ya 7, tumemlea tangu hana hata ngao. Zimwi limerudi kulala bila kuguswa na fimbo.

Nani kawadanganya kwamba rasimu ni kanuni?

Mchezo wetu sisi ni mwingine, ila ugonjwa ni uleule uliowapata wenzetu wa mchezo wa aina hiihii uitwao Dungeons & Dragons. Agosti 2022 ilitoka rasimu ya majaribio ya toleo lao jipya: dadu ya zimwi ya pande 20 ikilala kwenye 20, hakuna tena pigo la ziada, na uchawi nao haupati. Pigo hilo wabaki nalo wachezaji tu, kwa silaha au ngumi. Watu wakaweka matanga. Mwezi uliofuata rasimu ya pili ikarudisha utaratibu wa kitabu cha 2014, kilio chote kikawa cha bure. 2023 ikaja zamu ya Warlock, fani ya mchawi aliyepata nguvu kwa mapatano. Rasimu ikamgeuza awe na uchawi wa nusunusu kama Paladin, ile fani ya askari mtakatifu, na watu wakamzika mzimamzima. Kitabu cha 2024 kimetoka, Warlock yuko palepale: nafasi chache za uchawi, akipumzika kidogo zinarudi. Waliokuwa wametupa wahusika wao walipata nini?

Na angalieni yaliyobadilika kweli kwenye kitabu hicho. Cure Wounds, uchawi wa kuponya majeraha, sasa inaanza na dadu mbili za pande 8, zamani ilikuwa moja. Kunywa dawa ya kuponya hakukuli tena tendo lako kuu la zamu. Hayo ndiyo mtu anayakuta mezani kila siku, na sijawahi kuona ugomvi juu yake, maana hayanogi kuvumisha.

Sisemi hofu haina sababu. Toleo la 2000 la mchezo huohuo liligeuza hesabu ya kinga ya mhusika juu chini. Kabla ya hapo namba ndogo ndiyo ilikuwa bora, na waliozoea walihenya kweli. Halafu 2003 likaja lile la 3.5, vitabu vya miaka mitatu tu vikaonekana vizee. Aliyeumia hapo akiwa na wasiwasi leo namwelewa. Ila huyo alikuwa na kitabu mkononi anakilalamikia! Nyie mnalalamikia picha.

Anayeniudhi kupita wote ni yule wa "nina mtu wangu ndani". Mwaka mzima huyo mtu wake hajasema hata jambo moja likatimia, na kila likikwama jibu ni "wamebadilisha mawazo dakika za mwisho". Kwa utaratibu huo hata mimi ni nabii.

Kwangu nimeshaamua. Kikao kijacho simu zinakaa kwenye mifuko, zimwi linaanzia pale pale mlangoni mwa pango, na anayetaka kubadilisha mhusika aje na kitabu kilichochapwa. Asiyetaka, kiti chake nitampa mwingine.

Nyie wasimulizi wenzangu, watu wa namna hii mnawafanyaje? Au ni mimi tu nimeokota meza mbovu?