Golf inatetemeka kupanda Riat: shida ni oili ya giaboksi?

Mteremko_Riat: Hamjambo wazee. Nina VW Golf ya 2015, injini ya petroli ya 1.4 TSI, imetoka Japani, dashibodi inasoma kilomita 92,000. Kwenye jam ya Kondele hapa Kisumu, au nikianza kupanda mlima wa Riat, inatetemeka ikiondoka. Ikishika gia ya tatu inatulia kabisa. Fundi anasema oili ya giaboksi imechoka, nimtumie pesa anunue lita sita. Jirani naye anasema oili hiyo haiguswi maisha yote ya gari. Nimsikize nani?

Spana13: Wote wawili wanaongea kabla ya kujua giaboksi ni gani. Inua zulia la buti, pale kwa spea kuna stika yenye msimbo wa giaboksi. DSG ni giaboksi ya VW inayojibadilisha gia yenyewe kwa klachi mbili. Ile ya gia sita ya Golf GTI, DQ250, klachi zake zinaogelea ndani ya oili. Hiyo unabadilisha kila kilomita 60,000 pamoja na filta, maana unga wa klachi huzunguka humo humo hadi kwenye mekatroniki, kile kifaa cha umeme na vali kinachobadilisha gia. Lakini 1.4 kwa kawaida ni DQ200: gia saba, klachi kavu. Oili ya gia haifiki hata lita mbili. Hizo sita atazimwaga wapi?

Dada_wa_Milimani: 😂 Lakini hiyo ya “maisha yote” pia siimezi. 2013 VW wenyewe waliyaita gereji magari milioni 1.6 ya gia saba yatolewe oili ya sintetiki, yawekwe ya minerali. Yako ni ya baada ya hapo. Hata hivyo, gari la mtumba usilojua historia yake, mimi ningebadilisha. Ila usitarajie mtetemo uishe.

Spana13: Hapo sawa. Ikitetemeka gia ya kwanza na ya pili tu, shuku klachi. Tafuta mwenye mashine inayosoma VW, aangalie klachi zimelika kiasi gani, kisha azifundishe upya kushika. Na mlimani usiishikilie gari kwa mafuta, kanyaga breki.

GTI_Nakuru: Sisi wa gia sita je, tunapimaje? Sioni dipstiki.

Spana13: Haina. Injini ikiwa inanguruma, oili ikiwa kati ya nyuzi 35 na 45, unafungua kizibo cha chini na ya ziada inamwagika yenyewe. Fundi asiye na mashine ya kusoma joto anabahatisha.

Mteremko_Riat: Nimeangalia, ni DQ200. Nimempigia fundi, anasema basi ataweka ATF ya Toyota, ile oili ya giaboksi za otomatiki za kawaida, lita mbili tu.

Spana13: Kachukue gari lako sasa hivi.