Tupeane uzoefu: mliohamia Marekani, mji wenu mliuchaguaje?

Wakuu habari za leo. Mimi na mke wangu na watoto wawili tumepata green card ya bahati nasibu, viza ziko mkononi, tupo Mwanza bado tunauza vitu. Kaka yangu yuko Houston ila anasema mji mkubwa utatumeza na watoto, bora tutafute mji wa kati. Nimeangalia kodi za nyumba mpaka macho yanauma na kila mji naona sawa tu. Naomba mliotangulia mseme, ulifikia wapi, nani alikupokea, na ungeanza upya leo ungerudi hapo hapo?

Mama Pacha, Louisville (Kentucky):
Hongereni sana ndugu yangu. Kiukweli mimi sikuchagua, binamu yangu alikuwa hapa nikaja kwake, huu mwaka wa saba. Hapa ndio kuna kituo kikuu cha ndege za mizigo za UPS, ndege zinashuka usiku kucha na watu wanahitajika kupanga vifurushi. Kuna mpango unaitwa Metropolitan College, ulianza 1998, unafanya shifti ya usiku unalipiwa ada ya chuo, mimi nimesoma kwa njia hiyo. Asikudanganye mtu kwamba ni rahisi, unatoka alfajiri, saa tatu uko darasani, usingizi unaupata vipande vipande. Ila kilichonishika hapa ni watu. Wakongo na Warundi ni wengi, ibada ya Kiswahili ipo, na mwanangu wiki ya kwanza shuleni alirudi ananiambia "mama, kuko batoto bengi ya Kongo", keshaanza kuongea kama wao. Nililia siku hiyo. Ningerudi hapa hapa.

Kijana wa Nakuru, Sioux Falls (South Dakota):
Mimi nilikuja juu ya pesa, nisiwafiche. State haikati income tax kwa mshahara, kazi za viwanda vya nyama ziko, na rent ilikuwa chini kuliko kwa sister yangu Seattle. Chenye sikuhesabu ni gari. Shifti inaanza asubuhi mapema na pale nilikuwa naishi basi ya saa hizo sikupata, miezi miwili nilikuwa naomba lifti. Nikanunua gari, Januari kioo kikaganda barafu, nikachukua sufuria ya maji moto nikamwagia, kioo ikapasuka juu mpaka chini nikabaki nimesimama na sufuria. Jirani Msomali ndiye alitoka akanionyesha, washa gari kwanza, weka heater kwa kioo, ngoja, alafu ukwangue polepole. Kwa hivyo kabla hujaangalia rent uliza kazi iko wapi na utafika aje.

Mtu wa Uvira, Maine:
Njia yangu ni tofauti, mimi niliomba hifadhi. Nilifika Portland Juni 2019, tulikuwa mamia, Wakongomani na Waangola, tukalazwa Expo, ule uwanja wa basketi wa ndani, vitanda vya kukunja mistari kwa mistari. Watu wa pale walitupokea vizuri, siwezi kusahau. Lakini mji haufiki watu 70,000, nyumba ni ghali na kuipata ni vita, na permit ya kazi nilingoja siku 180 tangu nipeleke ombi. Nilipoipata nikahamia Lewiston, kama dakika 45 kwa gari, nyumba ikawa afadhali. Portland naipenda ila kwa familia ya watoto wawili bila mtu wa kuwapokea nisingekushauri.

Mwenye mada:
Asanteni sana jamani, nimesoma mara mbili. Mama Pacha, mke wangu ni nesi wa miaka tisa, hapo kwenu ataanzaje? Na kwenye fomu za green card, pale wanapotaka adresi ya Marekani, niweke ya kaka?

Mama Pacha:
Nesi asikae nyumbani kusubiri. Aanze kazi ya kuhudumia wazee huku anashughulikia vyeti na mtihani wa NCLEX, ule wa leseni ya unesi, shoga yangu alifanya hivyo. Adresi muulize kwanza kaka kama ana mpango wa kuhama, maana green card yenyewe inakuja kwa posta kwenye adresi hiyo. Yangu ilienda kwenye apatimenti ambayo binamu alishahama, nikakaa miezi minne naifuatilia.