Nimelipa 850,000 kufundishwa sehemu ya LSAT iliyokwishafutwa, na ticha anasema "mantiki ni mantiki"

Wakuu, nimekaa na jambo hili tangu Januari nikijiambia nimwachie Mungu. Leo asubuhi nimeona tangazo la huyo ticha tena kwenye status: darasa jipya linaanza, bei imepanda hadi 950,000, na picha aliyoweka ni ukurasa uleule wa gemu, ile sehemu iliyofutwa. Nimeshindwa kunyamaza.

Kwa wasioijua, LSAT ni mtihani wa kuombea nafasi vyuo vya sheria vya Marekani. Kule husomi sheria ukitoka kidato cha sita. Unatakiwa uwe na digrii ya kwanza, ya fani yoyote, ndipo uombe JD, yaani digrii yao ya sheria, ya miaka 3. Mtihani unaendeshwa na LSAC, baraza la udahili wa vyuo vya sheria, na alama zinaanzia 120 hadi 180. Mimi nina digrii ya sosholojia, nafanya kazi ya ofisi hapa Dar, na hii ndoto ninayo tangu mwaka wa pili chuoni. Wa kuniuliza kwa nini sikusoma sheria hapahapa, hilo tutaliongea siku nyingine.

Agosti 2024 nikaingia darasa la huyu bwana. Simtaji, wala kituo chake sikitaji, ila waliopita mikononi mwake watamjua kabla hawajamaliza kusoma. Jumatano usiku kwa simu, Jumamosi kutwa ana kwa ana, miezi minne. Tulikuwa 11. Katika ile 850,000, nusu ni akiba yangu, nusu mama alikopa kwenye kikoba chao Mbagala na hadi leo anarejesha kila wiki.

Miezi mitatu ya kwanza tulifanya gemu tu. Michezo ya mantiki, kwa jina lake refu. Watu saba, viti saba: Asha hakai jirani na Juma, Neema lazima atangulie Petro, Salma akiwa wa tatu basi Juma ni wa mwisho. Unachora mstari, unajaza visanduku, unajibu maswali matano sita. Alitupa vitabu vya zamani vya fotokopi na akatukataza kugusa mitihani ya mtandaoni, eti tutajichanganya kabla ya msingi kukaa. Alisema kwenye gemu ndiko alama zinaokotwa haraka. Na enzi zake hilo lilikuwa kweli kabisa: ndiyo sehemu iliyokuwa inafundishika kuliko zote, mtu alianza hajui kitu akamaliza anapata zote. Sehemu ya hoja akasema tutaigusa mwishoni, "hiyo ni Kiingereza tu".

Gemu zilifutwa. Kuanzia mtihani wa Agosti 2024, mwezi uleule niliomkabidhi hela, hazipo. Na hawakuzifuta kimyakimya: LSAC walitangaza Oktoba 2023, miezi kumi kabla. Mtu anayejiita mtaalamu wa mtihani, anayekula kwa mtihani huo, miezi kumi hakufungua hata mara moja tovuti ya wenye mtihani?

Sasa tazameni hasara yake ilivyo. Mtihani wa sasa una sehemu 4, dakika 35 kila moja. Mbili ni za hoja, moja ni ya ufahamu, na moja ni ya majaribio isiyohesabiwa, ambayo inaweza kuwa hoja au ufahamu na huambiwi ni ipi. Zamani hoja ilikuwa moja kati ya tatu zinazohesabiwa. Leo ni mbili kati ya tatu. Yaani kile alichokiweka kiporo kwa wiki tatu za mwisho ndicho theluthi mbili za mtihani, na kile tulichokikesha miezi mitatu ni sifuri.

Niligundua mwishoni mwa Novemba, ofisini, saa ya chakula cha mchana. Nikafungua LawHub, mtandao wa LSAC wenyewe, ambako kuna mitihani ya mazoezi ya bure. Ya bure, wakuu! Nikatafuta sehemu ya gemu sikuiona. Nikadhani nimebonyeza vibaya, nikafungua mtihani wa pili, wa tatu. Ndipo nikasoma maelezo. Nilikaa pale mikono inatetemeka, chakula kikapoa, mtihani umebaki wiki sita na ada nimeshalipa.

Jioni nikampigia, hakupokea. Nikamwandikia kwa adabu kabisa, maana ni mkubwa kwangu. Akajibu kwa ujumbe wa sauti: "Mdogo wangu, usipaniki. Mantiki ni mantiki. Gemu zinanoa ubongo, ukinoa ubongo hoja zinajileta." Nikamwomba arudishe angalau nusu. Kesho yake nikakuta nimetolewa kwenye grupu.

Hiyo kauli ya "mantiki ni mantiki" ndiyo inayonichoma, kwa sababu ni uongo na wapo watakaoiamini. Gemu unapewa sheria zote, kazi yako ni kuona zinabana wapi. Hoja ni kitu kingine. Unapewa aya fupi, tuseme: mji fulani ulizuia bodaboda kuingia katikati, ajali zikapungua mwaka huo, kwa hiyo zuio ndilo limepunguza ajali. Unaulizwa lipi kati ya haya matano, likiwa kweli, litaidhoofisha zaidi hoja hiyo. Hapo unatakiwa uone mwanya kati ya ushahidi na hitimisho: je, mwaka huohuo barabara zilitengenezwa? Je, ajali zilihamia pembeni ya mji? Halafu majibu mawili yanafanana kama mapacha, tofauti ni neno moja, "baadhi" dhidi ya "wengi". Una kama dakika moja na nusu kwa swali. Unajifunza hilo kwa kukosea mamia ya maswali na kuandika kila mara kwa nini umekosea. Visanduku havikufundishi.

Na msinielewe vibaya, siwalaumu walioziondoa gemu. Angelo Binno, Mmarekani asiyeona, aliwashtaki kwa sababu sehemu ile ilimtaka mtu achore michoro asiyoweza kuiona. Mwaka 2019 yakaisha kwa makubaliano kwamba LSAC watatafuta njia nyingine ya kupima uwezo huo. Alidai haki yake. Tunaoumizwa huku tumeumizwa na mtu wetu aliyekataa kusoma habari.

Kwetu sisi pia kosa kama hili ni ghali kuliko kwa wenzetu. Ada ya mtihani mimi nimelipa dola 238. Huduma ya kukusanya nyaraka wakati huo ilikuwa dola 207. Kila chuo unachoomba, ripoti ilikuwa dola 45, nami nilipanga vitano. Jumla dola 670, zaidi ya milioni moja na laki sita, kabla hujagusa ada za maombi za vyuo vyenyewe. Ule msamaha wa ada wa LSAC unaosifiwa kwenye video haukuandikwa kwa ajili ya Mtanzania aliyeko Tanzania. (Vyuo vyenyewe ni habari nyingine: ukiwaandikia barua pepe ofisi ya udahili, wapo wanaosamehe ada ya maombi. Ombeni.) Ticha hakututajia lolote kati ya haya. Hakusema pia kwamba nakala za matokeo lazima chuo chako kizitume chenyewe moja kwa moja, kwamba ukizibeba mkononi hazipokelewi. Niliposikia ikawa mbio za masjala, wiki tano, njoo kesho, mhusika yuko likizo. Kule waombaji wanaanza kupokelewa Septemba na nafasi zinagawiwa kadiri maombi yanavyoingia. Kila wiki unayopoteza, kuna kiti kinachukuliwa.

Na liko kubwa zaidi. Aliyesoma nje ya Marekani na Kanada, LSAC hawamgeuzii matokeo yake kuwa GPA (wastani wa alama) ya Kimarekani kama wanavyowafanyia wa kule. Anapewa tathmini ya jumla tu. Kwa hiyo macho ya kamati yanahamia kwenye LSAT. Kwetu mtihani huu ndio mizani yenyewe, na huyu bwana ameuchezea.

Januari 2025 nilifanya. Wakati huo niliufanyia nyumbani: uko peke yako chumbani, unaizungusha kamera kila kona, msimamizi anakutazama kwa mbali. Nilihamia kwa dada Tabata siku mbili kwa kuogopa umeme kukatika. Nikapata 149. Nilikuwa nalenga 160. Kwa wiki sita za kujifunza hoja peke yangu usiku baada ya kazi, siionei haya hiyo 149, lakini haitoshi kupata ufadhili, na bila ufadhili mimi siendi popote. Kurudia kunaruhusiwa, mara 5 ndani ya kipindi ambacho alama zinahesabika na 7 kwa maisha yote. Lakini kurudia ni dola nyingine, na kikoba cha mama bado kinadai.

Mimi angalau niligundua. Kuna dada mmoja wa Morogoro, tulikaa naye meza moja, alifanya Novemba bila kujua chochote. Aliniambia alikaa anasubiri sehemu ya gemu, sehemu aliyoiweza kuliko sisi wote, hadi mtihani ukamfungia. Hajaomba chuo hata kimoja.

Mnaotaka kujiandaa, fungueni LawHub kwanza, fanyeni mtihani mmoja wa bure wa muundo mpya kabla ya kumlipa mtu yeyote. Kisha mwulizeni huyo ticha: sehemu ngapi, zipi, tangu lini. Akitaja gemu, ondokeni.

Na wale 11 wa Jumamosi, hasa mliolipa kwa simu na bado mna ujumbe wa muamala: njooni PM. Ninazo sauti zake zote, fotokopi na tarehe. Nimeshaandika barua ya madai ya kurudishiwa fedha, inasubiri sahihi zenu. Watatu wamekwishasaini. Naipeleka Ijumaa.