Mti wa folda unachelewa kufunguka: tatizo ni diski au ni mtandao?

Swali

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninatumia programu ya kusimamia faili yenye vidirisha viwili, kushoto mti wa folda na kulia yaliyomo ndani ya folda niliyoichagua. Siku hizi kila nikibofya kimshale kilicho kando ya diski C ili nipanue tawi lake, mti huganda kwa karibu nusu dakika, ilhali nikiandika njia ya folda iliyo ndani ya diski hiyohiyo kwenye upau wa anwani, folda hufunguka papo hapo. Diski ni SSD (aina ya diski yenye kasi) na ina nafasi ya kutosha. Nimeunganisha pia diski tatu za mtandao kwa herufi X, Y na Z. Ningependa kuelewa chanzo kabla sijafikia uamuzi wa kusakinisha mfumo upya.

Jibu la kwanza

Tafadhali usisakinishe upya, kwa sababu folda inayofunguka papo hapo kupitia anwani inaashiria kwamba diski haina tatizo. Mti una kazi ya ziada ambayo kidirisha cha kulia hakina: ili uchore kimshale kando ya folda, programu lazima ijue kama ndani yake kuna folda nyingine, na kwa kuwa NTFS (mfumo wa Windows wa kupanga faili kwenye diski) haihifadhi idadi ya folda ndogo mahali pa kusomwa kwa haraka, programu huingia katika kila folda na kuchungulia. Tawi lenye folda 800 huchunguliwa mara 800. Kwenye SSD huwezi kuhisi tofauti, lakini kwenye seva ambayo ombi moja na jibu lake huchukua milisekunde 40, hizo ni sekunde 32, na hesabu hiyo ni ya chini, maana kuifungua folda, kuisoma na kuifunga huweza kuhitaji maombi kadhaa.

Jibu la pili

Maelezo hayo ni sahihi, ila hayatoshi kueleza kuganda kwa diski C. Mimi ninazishuku zile herufi tatu. Mti ukiganda kwa muda uleule kila mara, hata kwenye tawi lenye folda chache, kwa kawaida programu inasubiri kitu kisichojibu mpaka muda wa kusubiri uishe. Fungua Task Manager wakati mti umeganda: ikiwa prosesa na diski zimetulia, basi hakuna kazi inayofanyika, kuna kusubiri tu.

Kisha andika `net use` kwenye dirisha la amri na usome hali ya kila herufi. Herufi iliyoonyeshwa kuwa imekatika si lazima iwe na kasoro, kwani seva ya Windows kwa kawaida hukata muunganisho uliokaa dakika 15 bila kutumika, nao hurudi ukiugusa. Isiyopatikana kabisa ndiyo ya kuondoa, kwa mfano `net use Z: /delete`. Amri hiyo huondoa kiungo tu, na faili zilizo kwenye seva haziguswi. Kagua vilevile folda ulizobandika kwenye orodha ya njia za mkato, kwa sababu moja inayoelekea kwenye seva iliyozimwa inatosha kuuchelewesha mti mzima.

Muulizaji

Ninawashukuru sana. Herufi Y ilikuwa inaelekea kwenye seva iliyokwisha kuzimwa, na baada ya kuiondoa, diski C inafunguka mara moja. Herufi X, yenye folda nyingi sana za kumbukumbu, bado inachukua sekunde kadhaa.

Jibu la kwanza

Hapo kwenye X ndipo uchunguliaji unapogharimu. Tafuta katika mipangilio ya mti chaguo la kuonyesha kimshale kwa kila folda bila kuchungulia kwanza. Baadhi ya programu zinalo, na hasara yake ni kwamba kimshale cha folda isiyo na folda ndogo kitatoweka ukikibofya. Zima pia chaguo linaloufanya mti ujipanue wenyewe kuifuata folda uliyomo. Ikiwa una ruhusa, zigawe kumbukumbu hizo kwa mwaka, ili tawi la juu libaki na folda chache.

Ucheleweshaji ukiendelea, endesha Process Monitor (programu ya Microsoft inayorekodi kila faili na folda inayoguswa), chuja kwa jina la programu yako, uonyeshe safu ya muda, kisha utazame ni njia ipi ya folda iliyochukua muda mrefu kuliko nyingine. Ilete hapa tuiangalie.