Naomba ushauri: nimepata Jumamosi moja ya kutoka na wanangu, niwapeleke wapi?

Habari zenu wapendwa. Mimi ni mama wa watoto wawili, mkubwa ana miaka 8 na mdogo 3, tunaishi Mbagala hapa Dar es Salaam na kazi yangu iko Posta, katikati ya mji, natoka nyumbani saa 11 alfajiri wamelala na nikirudi saa 2 usiku huyu mdogo keshalala tena, yani ananijua kwa Jumapili tu, na Jumapili yenyewe ni kufua. Juzi nimerudi nimemkuta kalala kwenye kochi na viatu miguuni, dada wa kazi akaniambia kagoma kuvuliwa, anasema mama akija tunatoka. Nilikaa pale chini nikamvua taratibu huku machozi yananitoka.

Sasa mwisho wa mwezi nimeomba ruhusa ya Jumamosi. Mkubwa anataka treni ya SGR, twende Morogoro asubuhi turudi jioni, ila shoga yangu ananiambia nitamchosha mdogo bure, bora tupande pantoni tukacheze ufukweni Kigamboni. Kijiji cha Makumbusho nacho nimekifikiria, zile nyumba za makabila mkubwa angezipenda sana.

Waliowahi kwenda Moro na watoto kwa siku moja, mkishuka stesheni mlienda wapi ambapo hapana usumbufu? Na dada wa kazi nimchukue? Naye hatoki kabisa, roho inaniuma kumwacha, lakini bajeti yangu ni laki moja kwa wote, nauli na kula humo humo. Nisaidieni jamani.